Simu au karatasi: msomaji wa Goma asomee wapi?

Hoja ya kwamba karatasi hueleweka vizuri kuliko kioo cha kifaa cha kielektroniki haikuzuka hivi hivi. Mwaka 2018 mtafiti Pablo Delgado na wenzake walichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 54, zenye washiriki zaidi ya 170,000, wakaona kwamba wasomao karatasi huelewa zaidi kwa kiasi fulani, hasa wanapobanwa na muda na maandishi yanapokuwa ya kutoa maarifa. Katika hadithi tofauti hiyo haikuonekana. Wanaoitetea karatasi hupenda kuitaja sehemu ya kwanza ya matokeo hayo na kuiruka ya mwisho.

Hapa Goma, hata hivyo, kifaa cha kielektroniki kwa wengi wetu ni simu tu. Mwanafunzi wa sheria hutumiwa PDF kwa WhatsApp: ukurasa wa A4 uliopigwa picha kwa haraka, umeinama upande, na kivuli cha kidole kimefunika ukingo wa chini. Ili herufi zisomeke ni lazima aukuze, na akiukuza mstari unatoka nje ya kioo, hivyo kila mstari anauburuta huku na huku, na akifika ibara ya nne ameshasahau ya kwanza ilisema nini. Sehemu kubwa ya lawama tunazoitupia simu inalistahili faili la namna hiyo, kwa kuwa maandishi yale yale yakiwa katika muundo wa EPUB hujipanga upya kulingana na upana wa kioo.

Nguvu ya simu ni upatikanaji. Kitabu kilichochapwa Ulaya hufika hapa, kama kinafika, kikiwa kimebebeshwa gharama za safari. Faili hurushwa kutoka simu hadi simu bila hata kutumia mega za intaneti. Tena mji huu unajua kukimbia: volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021 na wakazi wakaamriwa kuondoka, kabati la vitabu halikuwa kitu cha kubebwa mgongoni. (Simu nayo huzimika upesi pasipo na pa kuchajia, jambo ambalo mashabiki wa teknolojia hawapendi kukumbushwa.)

Liko pia suala la umiliki. Julai 2009 Amazon ilifuta kutoka mbali nakala za vitabu vya George Orwell katika vifaa vya wateja waliokwisha kulipa, kwa sababu aliyeziuza hakuwa na haki ya kuziuza. Silabasi ya fotokopi, yaani maelezo ya kozi yaliyo kwenye karatasi, yenye maandishi ya kalamu za watu watatu pembeni, haifutwi hivyo.

Kwa maoni yangu, riwaya isomwe kwenye simu bila wasiwasi. Kozi ya mtihani itafutwe kwa simu, kisha zile kurasa zinazobeba hoja zichapwe, na wenzi wa darasa wagawane gharama. Lakini fotokopi ya fotokopi, iliyofifia hadi namba za ibara hazionekani, haistahili sifa ambazo tafiti zimeipa karatasi. Mwenye nakala kama hiyo ni heri afungue simu.