Chipu ya jenomu katika saratani ya kinywa: inapoona na inapopofuka

Chipu ya jenomu ni kibao chenye vipande vingi vya DNA, kinachoonyesha sehemu za jenomu (DNA yote ya seli) zilizopotea au kuongezeka nakala. Katika njia ya rangi mbili, DNA ya uvimbe hutiwa Cy5 na DNA ya kawaida Cy3, rangi mbili zinazong'aa. Huchanganywa na Cot-1, DNA inayoziba mifuatano inayojirudiarudia, kisha huachwa zishikamane na chipu kwenye nyuzijoto 65 kwa saa 24 hadi 40. Uwiano wa mwanga wa rangi hizo husomwa kwa logi ya kizio cha 2: sifuri ni nakala mbili za kawaida, 0.58 ni tatu, na -1 ni moja iliyobaki.

Faida yake haina ubishi. CGH ya zamani, yaani ulinganishaji uleule wa DNA mbili uliosomwa juu ya kromosomu zenyewe, ilikosa vipande vilivyo chini ya besi (herufi za DNA) milioni 10 hivi. Chipu hushuka hadi makumi ya maelfu. Katika saratani ya kinywa ramani inayojirudia ni kupotea kwa 3p na 9p21, alipo mlinzi CDKN2A, jeni inayozuia uvimbe, na kuongezeka kwa 3q, 8q na 11q13 (namba ni ya kromosomu, p ni mkono wake mfupi na q mrefu).

Tatizo ni kwamba namba hizo za logi ni za uvimbe safi, na uvimbe safi ni nadra. Sampuli yenye nusu seli za saratani na nusu limfosaiti (seli za kinga) na tishu unganishi husoma -0.42 pale palipostahili -1, na kwenye chipu yenye kelele upotevu huo hupita bila kuonekana. Ndiyo maana mpatholojia, daktari anayechunguza tishu, huzungushia eneo la uvimbe alama kwenye slaidi kabla halijakwanguliwa. Vidonda vidogo hukatwa kwa leza. Sampuli za nta, yaani tishu zilizohifadhiwa kwa formalini na kugandishwa ndani ya nta, zina balaa lake: formalini hukatakata DNA, rangi ikashika ovyo. Hata ozoni ya hewani huiharibu Cy5 upesi kuliko Cy3, na kosa hilo huweza kusomwa kama badiliko la uvimbe.

Kasoro kubwa zaidi ni ya tafsiri. 11q13 ikiongezeka, wengi hukimbilia jeni CCND1, ilhali jeni FADD na CTTN zimo mlemle. Chipu huonyesha mtaa, haimtaji mkosaji. FISH, kipimo kinachoitia jeni alama ing'aayo ndani ya seli, huthibitisha idadi ya nakala. Kupaka rangi protini kwenye tishu ileile husaidia kujua jeni ipi inafanya kazi. Na TP53, jeni inayoongoza kwa kubadilika katika ugonjwa huu, mara nyingi huharibika kwa herufi moja tu. Hilo chipu hii hailioni, kama isivyoona kromosomu zilizobadilishana vipande bila kupoteza kitu.

Kwa swali la nakala pekee bado tungeitumia. Hata hivyo, usomaji hafifu wa jenomu nzima, ambapo kila herufi husomwa kwa wastani chini ya mara 1, nao huhesabu nakala hata kutoka kwenye nta, na hauhitaji Cy5.