Mama Mkwe Ukutani

Mjomba wangu alirudi Tanga kutoka masomoni Leningrad akiwa na shahada, koti la manyoya ambalo hapa kwetu halijamfaa mtu hata siku moja, na kamera ya Sputnik yenye macho matatu: moja la kulengea na mawili ya kupigia. Kamera hiyo hupiga picha pacha kwenye filamu pana ya namba 120, jozi sita kwa kila filamu, nawe ukizitazama jozi hizo kwa kitazamio chenye lenzi mbili, jicho la kushoto likiona picha yake na la kulia yake, vitu hujitenga, vya mbele vikawa mbele na vya nyuma vikabaki nyuma. Mjomba alipofariki nilirithi kamera. Koti halikugombewa.

Nilipata filamu moja ya slaidi, ile ya picha angavu za kutazamwa kwa kupitisha mwanga, nikampiga mama mkwe akiwa ameketi mkekani ukumbini kwake, ukuta wa chokaa nyuma yake, mbele yake dele la kahawa la shaba. Filamu nilimpa shemeji aliyekuwa anarejea Ujerumani, akaenda kuisafishisha huko, ikarudi baada ya miezi miwili ikiwa utepe mzima haujakatwa. Nikaikata mwenyewe kwa uangalifu wa daktari wa macho, nikazibandika picha kwenye fremu za kadibodi za milimita 80 kwa 132, kila picha mahali pale pale ilipokuwa kwenye utepe.

Kitazamio cha mjomba kilikuwa kimeota ukungu katika lenzi, kwa sababu hewa ya pwani haiogopi kitu cha Kirusi. Niliona kitu kama mama mkwe ndani ya maziwa, nikaamua kwamba kitazamio kipya kinahitajika. Nilijifunza kuwa lenzi za kitazamio zikilingana na za kamera, yaani milimita 75 za urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi inapokusanya mwanga), umbali wa vitu huonekana kama ulivyokuwa, na kwamba nafasi kati ya lenzi mbili yafaa ikaribie nafasi kati ya mboni za mtazamaji. Kwa hiyo nilichukua futi kamba ya fundi cherehani, nikapima macho ya nyumba nzima. Mama mkwe alinivumilia hadi nilipomaliza, ndipo akauliza, "Mwanangu, unanipima, kwani nimekufa?"

Seremala alinitengenezea kisanduku cha mninga, tukatia lenzi mbili za kusomea maandishi madogo. Kilikuwa kizuri mno. Niliwakusanya watu ukumbini, nikatoa hotuba ndefu kuhusu mboni na fokasi, kisha nikampa mama mkwe heshima ya kutazama wa kwanza, akiwa ameelekea dirishani penye mwanga. Alitazama kwa muda mrefu.

"Juzi umenipima," akasema, "na leo umenizika ukutani."

Nilitazama nami. Ukuta ulikuwa umekuja mbele, na katikati yake palikuwa na tundu lenye umbo la mama mkwe, naye yumo humo ndani kabisa. Mkono aliounyoosha ulikuwa umerudi nyuma badala ya kuja mbele, na dele lilikuwa shimo la shaba lililochimbwa mkekani. Uso wake peke yake ulikuwa sawa, kwani ubongo wa binadamu hukataa katakata kuamini pua iliyobonyea ndani, hata macho yakiapa.

Nilimlaumu seremala. Nikaagiza kitazamio cha tatu kutoka ng'ambo, chenye lenzi pana na taa ya betri, kwa bei ambayo mke wangu aliambiwa nusu yake. Mama mkwe alikuwa ukutani vilevile, ila sasa alionekana vizuri zaidi. Niligeuza fremu juu chini, akasimama kwa kichwa, bado ukutani. Niligeuza nyuma mbele, akawa wa mkono wa kushoto, bado ukutani. Nilianza kumwandikia muuzaji barua kali.

Barua hiyo haikwisha, kwa kuwa unyevu wa masika uliibandua gundi na picha zote mbili zikaanguka sakafuni. Binti yangu wa miaka tisa aliziokota, akazibandika tena bila kuuliza ipi ni ipi, akatazama, akasema, "Baba, bibi ametoka." Kumbe kila lenzi ya kamera huigeuza picha yake juu chini, kwa hiyo utepe ukizungushwa ili picha zisimame wima, picha ya jicho la kushoto inakuwa kulia na ya kulia inakuwa kushoto, ni lazima zikatwe zibadilishane nafasi, na hakuna kitazamio duniani kitakachomfanyia mtu kazi hiyo kwa kuwa na lenzi nzuri. Hata kile chenye ukungu, nilipokipangusa, kilimtoa.

Mama mkwe aliitwa tena. Safari hii ukuta ulirudi mahali pake, mkono ukaja mbele, na dele likasimama mkekani, mviringo wake, mdomo wake na kishikio chake chenye kibonyeo. Alinyoosha vidole kama anayetaka kulishika, kisha akakishusha kitazamio polepole, akanitazama.

"Hili dele," akasema, "uliliazima siku ile ile ya picha. Liko wapi?"

Mke wangu alielekeza kidole jikoni.