Mnyororo kwenye tairi si risiti

Jumamosi ile nilitoka soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na magunia mawili ya dagaa kwenye buti, nikiwahi kivuko cha jioni pale Kamanga. Nikapitia mjini kununua kamba. Duka lenyewe limo ndani ya uwanja wa jengo la mtu binafsi. Geti lilikuwa wazi, na mlinzi akaniashiria niingie. Nikanunua, kisha nikavuka barabara kutoa hela kwa wakala. Mbele yangu walikuwepo watu wanne. Kurudi, nakuta tairi la mbele limepigwa mnyororo.

Mnyororo ulikuwa umevishwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili usichubue rimu. Mpira huo ndio uliniuma zaidi: mtu ameketi, ameukata, ameushona. Hii ni kazi ya kila siku.

"Shikamoo mama. Faini elfu hamsini. Tuma kwenye namba hii, na ya kutolea."

Nikauliza kibao kiko wapi. Kijana akanipeleka nyuma ya mwarobaini, karibu na banda la chipsi. Maandishi mekundu yaliyofifia: WATEJA TU. Kiasi cha pesa hakikuandikwa.

Nilikosea, sikatai. Nilitoka nje ya uwanja nikaliacha gari, na mwenye ardhi ana haki ya kuweka masharti kwake. Ninachokataa ni neno faini. Faini ni adhabu, na adhabu hutolewa na mahakama au chombo kilichopewa mamlaka hayo na sheria, kama trafiki anapokuandikia kosa barabarani. Hata TARURA, wakala wa serikali wa barabara za mijini na vijijini wanaosimamia maegesho ya kando ya barabara, deni lao unalipa kwa kumbukumbu namba na pesa inaingia serikalini. Mwenye uwanja hana adhabu ya kumpa mtu. Alicho nacho ni madai ya mkataba: ameweka sharti, nimeingia nikilijua, nimelivunja. Sasa nililijuaje, kama limefichwa nyuma ya mti? Na hata pale mkataba unapotaja kiasi, kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinampa aliyevunjiwa fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Uwanja ule ulikuwa na nafasi tele. Robo saa yangu ilimpotezea nini cha kufika elfu hamsini?

Uingereza na Wales walishalipitia hili. Tangu Oktoba 2012 ni kosa la jinai kufunga gari la mtu kwenye ardhi binafsi bila mamlaka ya kisheria. Kampuni za maegesho zikabaki na tiketi za kudai malipo tu. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikakubali dereva aliyepitiliza muda kwa dakika 56 alipe pauni 85, na moja ya mambo yaliyozingatiwa ni kwamba vibao vilikuwa vingi, vikubwa, na kiasi kimeandikwa wazi. Hilo naliona sawa kabisa. Kibao kwanza, dai baadaye, gari la mtu liachwe.

Sikugombana na kijana. Ametumwa, na pengine mshahara wake unakatwa akiniachia. Nikamwomba aniitie msimamizi, nikapiga picha kibao, mnyororo na lile geti, nikaketi kwenye benchi huku harufu ya dagaa ikizidi kupanda na jua. Msimamizi akaja baada ya saa nzima. Nikamuuliza jina la kampuni na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Bei ikashuka hadi elfu ishirini papo hapo, bila risiti. Faini gani hiyo inayopungua ukiomba karatasi?

Nililipa, maana kivuko hakinisubiri. Lakini niliituma kwa simu badala ya kumpa mkononi, ili ujumbe wa muamala ubaki na jina la aliyepokea, na kwenye daftari langu nikamwandikisha msimamizi kiasi, saa na sababu, akasaini. Hata hivyo kivuko kiliniacha.

Jumatatu nikampelekea mwenye jengo barua: nataka pesa yangu irudi na kibao kihamie getini, kikiwa na kiasi. Nilikwenda na nakala mbili. Moja imegongwa muhuri wa kupokelewa, ninayo. Nimempa siku 14. Zikipita kimya, nakwenda kufungua madai Mahakama ya Mwanzo, na daftari naenda nalo.