Betri ya Kuliwa: Volti Zake Chache Ndiyo Sifa Yake

Mwaka 2023 Mario Caironi na wenzake wa Taasisi ya Teknolojia ya Italia walitengeneza betri inayochajika kwa vitu vinavyolika: vitamini B2 upande mmoja, kwesetini (kemikali inayopatikana kwenye mimea kama vitunguu) upande wa pili, mkaa wa kupitisha umeme, mwani wa kuzitenganisha, karatasi ya dhahabu ile ya kupambia keki, na nta ya nyuki. Ilitoa volti 0.65 na mikroampia 48 kwa dakika 12. Ni rahisi kuziona tarakimu hizo ukaguna.

Wanaoguna wana hoja, maana betri ya namna hii inafikiriwa kwa vifaa vya kumezwa. Kapsuli yenye kamera, kama PillCam iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, hupiga picha za utumbo mwembamba kwa takriban saa 8, na nguvu inayohitaji ni mamia ya mara ya ile ya betri hii. Betri za oksidi ya fedha, kama zile za saa za mkononi, zinaimudu kazi hiyo. Hapo sibishani.

Ila hiyo volti 0.65 itazamwe vizuri. Chukua betri bapa ya lithiamu ya milimita 20, ile ya rimoti. Mtoto akiimeza ikakwama kwenye umio, volti zake 3 hupitisha umeme kwenye nyama iliyolowa, maji yanavunjika, na upande wa hasi hujaa haidroksidi inayounguza. Saa 2 zinatosha kuleta jeraha baya, hata kama betri haijapasuka wala kuvuja. Sasa, maji huhitaji takriban volti 1.23 ili yavunjike. Chini ya hapo, kuungua kwa namna hiyo hakuanzi. Tarakimu inayodharauliwa ndiyo kinga yenyewe, na kinga hiyo haitegemei ganda libaki zima.

Mtu atasema kapsuli za hospitali zimezibwa imara. Kweli, na kuvuja ni nadra. Tatizo lake ni kukwama: kwa mwenye ugonjwa wa Crohn, ambao huweza kubana utumbo, kapsuli inaweza kubaki ndani hadi itolewe kwa upasuaji. Ndiyo maana mgonjwa wa aina hiyo huweza kupewa kwanza kapsuli ya majaribio ya laktosi, ambayo ikikwama huyeyuka. Yaani umuhimu wa kuyeyuka madaktari wameshaukubali zamani.

Tena si kila kifaa ni kamera. Kitambuzi kilichomo kwenye kidonge cha Abilify MyCite, dawa ya magonjwa ya akili, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2017, hupata umeme magnesi na kloridi ya shaba vinapolowa majimaji ya tumbo, kikatuma ishara kwenye kibandiko cha ngozini kwamba dawa imemezwa. Mwaka huohuo watafiti wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, walitumia zinki na shaba tumboni mwa nguruwe, wakapima joto kwa wastani wa siku 6. Kwa kazi ndogo kama hizo, sioni sababu ya kummezesha mtu betri ya saa ya mkononi.

Kinachobaki ni kuurefusha muda bila kupandisha volti. Ukiunganisha betri mbili za Caironi mfululizo unapata volti 1.3, na mpaka umeshauvuka. Mzigo huo ni wa waunda sakiti, na sakiti ya MIT ilikwisha kuendeshwa kwa volti chache kuliko 0.65.