Jibu ni 56, sababu iko wapi?

Daftari la juu kabisa kwenye rundo langu jioni ile lilikuwa la binti mmoja wa kidato cha tatu. Swali lenyewe halikuwa gumu: duara lina kitovu O, AB ni kipenyo, C iko kwenye mzingo, pembe BAC ni nyuzi 28. Tafuta pembe BOC, kisha toa sababu. Ameandika 56. Kwenye nafasi ya sababu amechora kistari, akaendelea na swali lililofuata.

Kesho yake nikamwita ubaoni. Umeipataje hii 56? Akautazama mchoro kidogo, akashika chaki. "Madamu, OA na OC zote si rediasi? Basi hii pembetatu ni pacha. Kwa hiyo hapa kwa C napo ni 28. Sasa hii ya nje ni hizi mbili ukizijumlisha." Akarudi kukaa.

Maneno yale ni uthibitisho kamili. Mistari miwili tu, kila hatua imekalia hatua iliyotangulia. Lakini kama ile ingekuwa karatasi ya mtihani, mtahini angeona 56 na kistari.

Nimeanza na binti huyu kwa sababu kuna mjadala unaorudi kila muhula kwenye ofisi za walimu wa hisabati hapa Tanzania. Je, tuendelee kumdai mwanafunzi wa kawaida wa sekondari uthibitisho na sababu kwenye jiometri, au tumwache atafute pembe, eneo na mzingo, basi? Dai lenyewe limo kwenye muhtasari tangu zamani. Kidato cha kwanza anaanza na pembe, mistari sambamba na kuchora kwa bikari. Kidato cha pili anakutana na pembetatu zinazolingana, zinazofanana, na Pythagoras. Kidato cha tatu ndipo duara na thioremu zake zinapomkuta, na hapo ndipo wengi wanapoachana na jiometri moja kwa moja.

Wanaotaka tuache wana hoja nzito, na wanaowaita wavivu wanawaonea. Mwenzangu mmoja, mwalimu ninayemheshimu sana, anapiga hesabu hivi. Mtihani wa Basic Mathematics wa kidato cha nne una maswali 14, yote ya lazima, kwa saa tatu. Kumi ya mwanzo yana alama 6 kila moja, manne ya mwisho alama 10 kila moja. Daraja D linaanzia alama 30. Mwanafunzi aliyeshika vizuri takwimu, akaunti, uwezekano na metriksi anaweza kuivuka 30 bila kuligusa duara. Uthibitisho wenyewe ukija, mara nyingi ni kipengele cha swali, haufiki hata swali zima. Na mwaka 2023, kati ya kila watahiniwa wanne wa somo hili, aliyefaulu alikuwa kama mmoja tu. F ya hisabati inamfungia kijana milango ya kozi nyingi akiwa bado hajafika miaka 18. "Mtoto anazama," aliniambia, "wewe unamsahihisha anavyopiga mikono."

Sina jibu jepesi kwa sentensi hiyo. Nimeifikiria mara nyingi.

Ana pia hoja ya pili, na hiyo nakubaliana naye moja kwa moja. Uthibitisho kama unavyofundishwa kwenye madarasa yetu mengi umegeuka kariri. Mwalimu anauandika ubaoni, wanafunzi wanaunakili, usiku kabla ya jaribio wanaukariri kama shairi. Badilisha herufi tu, A, B, C ziwe P, Q, R, au upindue mchoro kitovu kikae upande wa pili, umekwisha. Kijana aliyekariri namna hiyo hajajifunza kujenga hoja hata kidogo, na siku zilizotumika zingeweza kumpa alama 6 za takwimu. Sababu ya kufika hapo inajulikana. Darasa langu lina wanafunzi 74. Kusoma hoja ya mwanafunzi na kuandika imekatikia wapi kunahitaji kama dakika tatu. Zidisha: dakika 222, saa tatu na dakika 42, kwa zoezi moja la darasa moja. Kuweka vema kwenye jibu ni sekunde chache. Mwalimu mwenye vipindi vinne kesho atachagua vema, na mimi mwenyewe nimechagua hivyo mara nyingi.

Hata hivyo sikubali tuache, na aliyenisaidia kuona kwa nini ni fundi ujenzi.

Tulikuwa tunaseti msingi wa nyumba. Fundi akachomeka kigingi cha kona, akavuta kamba mbili. Kwenye kamba ya kwanza akapima mita 3 akatia alama, kwenye ya pili mita 4. Msaidizi wake akashika tepu kati ya alama hizo mbili, na fundi akawa anaisogeza kamba ya pili kidogo kidogo mpaka tepu ikasoma 5 kamili. Hapo akagonga kigingi. Kona imekuwa mraba. Nikamuuliza kwa nini inakuwa hivyo. "Ndivyo inavyokuwa, Madamu. Tatu, nne, tano haijawahi kunidanganya."

Mwenzangu angesema: unaona? Mtu anajenga nyumba maisha yake yote bila uthibitisho. Ni kweli, na nyumba zake zimesimama. Ila angalia alichokifanya. Darasani tunafundisha kwamba pembetatu ikiwa na pembe mraba, basi mraba wa upande mrefu ni sawa na jumla ya miraba ya pande mbili zilizobaki. Fundi hakuwa na pembe mraba. Ndiyo aliyokuwa anaitafuta. Alikuwa na urefu tu, na kutoka kwenye urefu akapata pembe. Hicho ni kinyume cha Pythagoras, na ni jambo jingine kabisa linalohitaji uthibitisho wake. Mwanahisabati Euclid wa Alexandria, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, aliyatenganisha: kwenye kitabu cha kwanza kati ya vitabu vyake kumi na vitatu vya hisabati, Pythagoras ni kauli ya 47, na kinyume chake ni ya 48, ya mwisho. Vijana wetu wengi wanamaliza kidato cha nne hawajui kwamba hizo ni kauli mbili.

Ina ubaya gani kutojua? Kwa 3, 4, 5 hakuna, kwa sababu kinyume chake kwa bahati ni kweli. Lakini tuliendelea na msingi. Baada ya vigingi vinne kusimama, yule msaidizi akapima kona kwa kona, pande zote mbili, akakuta sawasawa. Akasema nyumba imenyooka. Fundi akamkatalia: "Pima mbele na nyuma kwanza." Mbele ilikuwa mita 10, nyuma 9.8. Msaidizi alijua kanuni: mstatili, kona kwa kona zake hulingana. Akaigeuza kichwani bila kujua kwamba ameigeuza. Trapeza, kwa mfano, ambayo pande zake mbili za ubavuni zinalingana nayo ina kona kwa kona zinazolingana, na haina kona hata moja ya nyuzi 90. Kipimo chake kingefaa tu kama pande zinazoelekeana zingekuwa zimeshathibitika kuwa sawa. Fundi alilijua hilo kwa miaka ya kazi. Mwanafunzi anaweza kulijua kwa kipindi kimoja cha dakika 40, akiulizwa swali ambalo jiometri ya kutafuta pembe haimuulizi: kanuni hii inafanya kazi wakati gani, na je, ukiigeuza bado ni kweli?

Mtaala ulioboreshwa ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 una mkondo wa amali, na vijana wengine wataenda kujifunza ujenzi na useremala humo. Wanaosema mwanafunzi wa ufundi hahitaji uthibitisho, nawaomba wakautazame ule msingi.

Kuhusu kuuacha, wapo waliotangulia kujaribu. Afrika Kusini, mtaala mpya ulipofika kwenye mtihani wa matric, yaani wa kumaliza sekondari, mwaka 2008, jiometri ya Euclid iliondolewa kwenye karatasi mbili za lazima ikawekwa kwenye karatasi ya tatu ya hiari. Hoja zilifanana na zetu: ni ngumu, wanafunzi wanafeli, walimu wengi hawajaandaliwa. Shule nyingi hazikuifundisha karatasi hiyo. Kisha mtaala wa CAPS ukairudisha, na matric ya mwaka 2014 ikawa ya kwanza kuikuta tena kama lazima. Ila kilichorudi kiliwakuta walimu vijana ambao wenyewe walipita sekondari bila kuisoma. Hilo linanitisha kuliko alama. Mada ukiiondoa kwa miaka michache, unapunguza pia watu watakaoweza kuifundisha siku ukiitaka tena.

Namna walivyoirudisha inafaa kutazamwa. Kwenye karatasi ya pili yenye alama 150, jiometri hiyo pamoja na vipimo inachukua karibu 50, kwa hiyo hakuna mwalimu anayeweza kuwaambia wanafunzi wairuke. Usahihishaji unatenganisha kauli na sababu, kila moja na alama yake. Na miongozo ya mtihani ina orodha ya sababu zinazokubalika, imeandikwa kwa ufupi, mwanafunzi anaijua kabla hajaingia chumba cha mtihani. Thioremu ambazo anaweza kuombwa azithibitishe zimetajwa, nazo ni chache. Nyingine anaruhusiwa kuzitumia tu. Huo ni mkataba ulio wazi kati ya mtahini na mtoto.

Sasa turudi kwa binti na kistari chake. Kwa nini alisema ubaoni kile alichoshindwa kuandika? Alisema kwa Kiswahili. Wanafunzi wangu karibu wote wametoka shule za msingi za serikali, na darasa la saba walikuwa tayari wanajua pembetatu pacha, pembe mraba, msambamba, pembe za kitako. Kidato cha kwanza kila kimoja kikabadilishwa jina kwa Kiingereza. Hesabu za namba zinavuka mpaka huo salama. 28 kujumlisha 28 ni 56 kwa lugha yoyote. Sababu haivuki. Sababu ni sentensi, na sentensi inataka lugha. Kwa hiyo tunaposema uthibitisho ni mgumu kwa watoto wetu, mara nyingi tumepima Kiingereza chao tukadhani tumepima akili ya hoja. Hapa ndipo naona mjadala wetu wa ofisini umekosea njia: pande zote mbili zinachukua kistari kuwa ushahidi wa kutojua.

Najua jibu la upande wa pili. Mtihani wa Novemba ni wa Kiingereza, na ukimwacha mtoto ajadili kwa Kiswahili mwaka mzima atafika huko mikono mitupu. Ni kweli. Ndiyo maana sipendekezi tuishie kwenye Kiswahili, napendekeza tuanzie huko.

Ninavyofanya sasa ni hivi. Zoezi la nyumbani la jiometri nimelipunguza kutoka maswali 20 hadi matano. Manne ni ya kutafuta, kila jibu na sababu yake. La tano ni la kuthibitisha. Darasani wanakaa wawili wawili na kubadilishana madaftari, na kazi ya jirani ni moja tu, kuuliza "kwa nini?" kwa kila mstari, kwa Kiswahili, mpaka aridhike. Kisha ndipo wanaandika kwa Kiingereza. Sisahihishi madaftari yote 74. Nachukua 15 kila mara bila kutangaza ni ya nani, dakika 45, nasoma kila neno. Thioremu za kuthibitisha nimebakiza nne: pembe ya kwenye kitovu kuwa mara mbili ya ile ya kwenye mzingo, pembe ya nusu duara, pembe zinazoelekeana za pembenne iliyo ndani ya duara, na mstari unaogusa duara kuwa mraba na rediasi. Nyingine wanazitumia tu. Ile ya kwanza, wakishaielewa 56 ya binti yule, ni kuchora kipenyo kinachopita A na kufanya kazi ileile mara mbili, upande huu na upande ule.

Kuna gharama. Maswali matano hayampi mtoto mazoezi ya mkono kama 20, na kwenye jaribio la mwezi uliopita darasa la mwenzangu lilitushinda vizuri kwenye takwimu, kwa sababu muda wangu umekwenda kwenye duara. Wazazi wawili wameniuliza kwa nini kazi za nyumbani zimepungua. Na mkuu wa shule yoyote anapimwa kwa matokeo ya kidato cha nne, kwa hiyo shinikizo la kuchagua mada nyepesi halitaondoka mpaka Baraza la Mitihani lenyewe liipe sababu uzito unaoonekana, na Taasisi ya Elimu ichapishe orodha ya sababu zinazokubalika kwa lugha zote mbili. Kuchapisha ukurasa mmoja hakuhitaji mtaala mpya.

Kwa sasa wanafunzi wangu wamebandika wa kwetu nyuma ya jalada la daftari. Una mistari 11, Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia. Wa kwanza ni ule wa pembe za kitako za pembetatu pacha. Wiki iliyopita dawati moja la nyuma liliomba tuongeze wa 12: pembenne ambayo kona kwa kona zake zinalingana ni mstatili. Sikuwaambia kitu kuhusu ule msingi. Nimewapa hadi Alhamisi walete sababu, au walete mchoro unaokataa.