Kiti cha Mzee

Kama Mei 2024 ulipita na mtumbwi upande wa Ilemela ukaona kiti cha zege kimekaa majini peke yake, kama abiria aliyeachwa na kivuko, macho yako hayakukudanganya. Nilikijenga mimi. Na nilikijenga nchi kavu.

Kilikuwa kiti cha kumkumbuka Mzee, mkurugenzi wetu wa zamani, aliyetulea kazini mpaka na sisi tukaitwa wahandisi. Ofisi tulichanga. Mama, yaani mjane wake, akatoa kipande cha ufukwe chini ya nyumba yao, pale Mzee alipopenda kukaa jioni na redio yake. Mimi nikapewa usimamizi kwa sababu nilipayuka kikaoni kwamba hiyo ni kazi ya siku mbili.

Sasa, Mzee alikuwa na jambo lake. Tulipokwenda Ukerewe kupima eneo la gati, sisi vijana tulishusha vyombo, tukasimamisha miguu mitatu, tukaanza kuitana namba kwa mbwembwe. Yeye akapotea. Tulimkuta uani kwa bibi mmoja, kwenye kigoda, bakuli la uji mkononi, anauliza: "Mama, mwaka ule wa mvua kubwa maji yalifika wapi?" Bibi akaelekeza kwa mdomo: kwenye mkuyu. Mkuyu wenyewe ulikuwa juu kabisa ya vigingi tulivyopigilia.

Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2. Mito inayoingia ni mingi, mlango wa kutokea ni mmoja tu, Nile, kule Jinja. "Mashine inajua maji ya leo," Mzee alituambia tukirudi. "Bibi anajua ya 64." Gati likahamishwa. Kuanzia hapo "uliza kwanza" ikawa jibu lake kwa kila kitu, hata ukimwomba likizo.

Maneno hayo ndiyo niliyoyachonga kwenye mgongo wa kiti, kwa herufi kubwa: ULIZA KWANZA.

Februari tukamwaga zege. Nondo za milimita 12, pima maji, timazi, hakuna nilichokosa. Umbali kutoka majini ulikuwa mita 4. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka 60, lakini nikajiambia kiti si jengo. Mafundi wakiwa wanasawazisha, akapita bibi mmoja na beseni la vyombo kichwani. Akasimama.

"Mjukuu wangu, hicho kiti cha nani?"

"Cha Mzee, bibi."

"Mzee ni kiboko?"

Mafundi wakacheka, nami nikacheka. Nikampa elfu mbili ya soda. Akapokea kwa mikono miwili, akatazama ziwa, akatazama kiti, akaenda zake.

Masika ikafanya ilichofanya. Mei ziwa likapita hata kiwango cha 1964. Ufukwe ule unashuka mita 1 kwa kila mita 20, kwa hiyo maji yakipanda nusu mita tu, yanaingia ndani mita 10. Hesabu nyepesi kabisa. Niliifanya asubuhi ya shughuli, nimesimama kwenye tope na viatu vya suti, huku turubai limeshafungwa, pilau linanukia na mchungaji anashuka kwenye gari.

Kiti kilikuwa mita 6 ndani ya ziwa. Kijana niliyemwagiza akifunike kwa kitambaa cheupe alikuwa mtiifu: alikifunika hukohuko.

Mshereheshaji naye hakunionea huruma. "Sasa tunamwomba mhandisi msimamizi akatufunulie!" Wenzangu wote, watu wenye mihuri na vyeti, wakageuka kutazama sahani zao. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaingia nikiwaza kichocho. Nilifika salama. Nilivuta kitambaa salama. Ni pale nilipogeuka kuwapungia mkono ndipo nilipokanyaga jiwe lenye utelezi.

Nilipoibuka, kitambaa kilikuwa kimenifunika kichwa na mabega. Mchungaji, kwa mazoea tu nadhani, akasema, "Amina."

Kukawa kimya. Kisha watu arobaini na ushee wakasoma kwa pamoja, taratibu, kama darasa la kwanza: U-LI-ZA KWA-NZA. Wakanitazama.

Aliyeanza kucheka ni Mama. Alicheka mpaka akashikwa mkono asianguke. Pembeni, kwenye jiwe, nikamwona yule bibi wa beseni anasugua sufuria yake kwa mchanga, wala hacheki. Mama akafuata macho yangu.

"Mwanangu, yule bibi mlimuuliza?"

"Hapana, Mama. Yeye ndiye aliyeniuliza."