Tusiwafundishe Vijana Wetu Kujibu "Hapana" Kila Mahali

Katika familia nyingi za Kikenya, Kitanzania na Kikongo zinazoishi Marekani, kuna ushauri unaotolewa kwa sauti ya chini kila kijana anaposema kwamba anataka kuingia jeshini: ukiulizwa kama umewahi kuugua, jibu hapana, ukiulizwa kama umewahi kukamatwa na polisi, jibu hapana. Wanaoutoa ni watu wanaompenda kijana huyo, na mara nyingine anayeutoa ni afisa wa usajili mwenyewe, ambaye ana idadi ya vijana anaotakiwa kuwafikisha. Naupinga ushauri huu kwa moyo wangu wote. Uongo ni dhambi kwa kila mtu, lakini kijana wetu anapouandika katika fomu ya kujiunga na jeshi anaweka rehani kitu ambacho mwenzake aliyezaliwa Ohio hawezi kukipoteza kwa kosa hilo, nacho ni nafasi yake ya kuishi katika nchi hiyo.

Sheria ya Marekani inamruhusu mtu mwenye ukaazi wa kudumu, yaani mwenye green card, kujiunga na jeshi kama askari wa kawaida. Tangu Rais George W. Bush alipotia saini amri yake ya Julai 2002, askari wahamiaji wanaotumikia katika kipindi kilichoanza tarehe 11 Septemba 2001 wanaweza kuomba uraia mapema, bila kusubiri miaka ambayo wahamiaji wengine husubiri na bila kulipa ada ya maombi. Hilo ndilo linalowavuta wengi, na sioni ubaya wake. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inasema kwamba uraia uliopatikana kwa njia ya utumishi unaweza kufutwa ikiwa askari ataachishwa kwa masharti yasiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima. Kujiandikisha kwa udanganyifu nako ni kosa la jinai katika sheria ya kijeshi, chini ya kifungu cha 104a, ambacho kabla ya mwaka 2019 kilikuwa cha 83. Mtu aliyeficha kwa makusudi jambo linalohusu sifa zake za kuandikishwa, kisha akapokea mshahara au posho, anaweza kufungwa hadi miaka 2, kunyang'anywa malipo yake na kufukuzwa jeshini kwa fedheha.

Ni kweli kwamba wengi wanaogunduliwa hawafikishwi mbele ya mahakama ya kijeshi, bali huondolewa tu kwa hatua za kiutawala. Kwa mzaliwa wa Marekani jambo hilo ni aibu na kazi iliyopotea. Kwa mhamiaji, karatasi inayosema kwamba aliondolewa kwa udanganyifu itamsubiri mezani siku atakapokaa mbele ya ofisa wa uhamiaji, ambaye kazi yake ni kupima kama mwombaji ana mwenendo mwema.

Wazazi wengi hawajui hasa nini huulizwa, kwa hiyo nieleze kidogo. Kabla ya kuapishwa, kijana hupelekwa kwenye kituo cha MEPS, yaani kituo cha kuwapima na kuwapokea wanaotaka kujiunga na jeshi, na vituo hivyo ni 65 katika nchi nzima. Huko hupimwa macho, masikio, damu na mkojo, hutembezwa akiwa amechuchumaa ili viungo vyake vionekane, na huchukuliwa alama za vidole zinazopelekwa FBI. Kabla hajafika huko, hujaza fomu ya historia ya afya ambayo ina mistari mingi, kila mstari ukiwa na kisanduku cha ndiyo na cha hapana. Upo mstari unaouliza kuhusu pumu, kifua kutoa mlio wakati wa kupumua au kutumia inhela. Upo unaouliza kama amewahi kufanyiwa upasuaji, na upo unaouliza kama amewahi kutibiwa kwa sababu ya hali ya akili. Kijana wa miaka 18 anayetamani kazi hiyo huteremsha kalamu upande wa hapana kutoka juu hadi chini, kisha hutia saini mahali palipoandikwa kwamba majibu yake ni ya kweli.

Zamani mtu aliweza kupita hivyo. Tangu Machi 2022, hata hivyo, vituo hivyo vinatumia mfumo wa kumbukumbu unaoitwa MHS Genesis, ambao unaweza kuvuta taarifa za matibabu na za dawa kutoka hospitali za kiraia. Daktari wa MEPS anaweza kuona kwamba kijana aliyeandika hapana kwenye mstari wa pumu aliandikiwa inhela akiwa na miaka 15. Kuanzia hapo hafikirii tena pumu peke yake, anafikiria pia uongo.

Najua watakaonijibu kwamba mtoto wao alikulia Nyarugusu au Kakuma, na hakuna kompyuta ya Marekani itakayofungua daftari la zahanati ya kambini. Hilo naliheshimu, kwa sababu watu hao wana shida ya kweli: hata mtoto akitaka kusema ukweli, hana karatasi ya kuuthibitisha. Lakini kabla ya kupanda ndege, kila mmoja wao alichunguzwa na daktari aliyeidhinishwa kwa ajili ya safari ya kuhamia Marekani, watu wazima wakapigwa picha ya kifua kutafuta kifua kikuu, na ripoti ile imo katika faili la uhamiaji. Kijana wa namna hii aandike anachokikumbuka, ataje mwaka kwa makadirio, na aseme waziwazi kwamba nyaraka hazipo. Kumwambia daktari kwamba hujui hakukufanyi mwongo.

Jambo linalonihuzunisha zaidi ni kwamba tunazungumza kuhusu nyaraka na kuusahau mwili. Mafunzo ya mwanzo ya jeshi la nchi kavu hufanyika katika vituo kama Fort Jackson kule South Carolina, ambako joto la Julai na unyevunyevu wake humlemea hata mtu mwenye afya kamili. Mwenye pumu iliyofichwa anakimbia pale akiwa na mzigo mgongoni, na mkufunzi anayemwona akihema anadhani ni mvivu. Chukueni pia sikoseli, ambayo jamii zetu zinaijua vizuri. Ugonjwa wenyewe unamzuia mtu kuandikishwa, ilhali kurithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hakumzuii. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2016, uliofuatilia askari weusi wapatao 48,000, ulionyesha kwamba waliorithi kwa mzazi mmoja hawakufa kwa wingi kuliko wenzao, lakini hatari yao ya misuli kuharibika kwa sababu ya mazoezi makali, hali inayoweza kuua figo, ilikuwa kubwa zaidi kwa asilimia 54. Kuruta ambaye wakufunzi wake wanaijua hali yake hupewa maji, kivuli na muda wa kupumzika. Aliyeambiwa na mama yake kwamba damu ya ukoo haitajwi mbele ya wageni atavumilia mpaka aanguke. Wazee wetu hutuambia kwamba mficha maradhi kifo kitamuumbua, na bado ni sisi wazazi tunaowafundisha watoto kuficha.

Upande wa polisi una mitego yake. Wengi huamini kwamba kesi iliyofutwa au iliyofungwa kwa sababu mtuhumiwa alikuwa mtoto haipo tena. Mahakamani inaweza kuwa hivyo, lakini maswali ya jeshi huulizwa hata kwa rekodi zilizofutwa, na fomu ya uchunguzi wa usalama, SF-86, inasema hivyo kwa maandishi yaliyo wazi. Uongo katika fomu hiyo ni kosa la shirikisho linaloweza kumfunga mtu hadi miaka 5. Fomu ya kuomba uraia nayo huuliza kama mtu amewahi kukamatwa au kuzuiliwa na askari wa nchi yoyote ile, kwa sababu yoyote ile. Fikirini kijana aliyekuwa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, mwezi Aprili 2014, wakati wa Operesheni Usalama Watch, watu walipokamatwa kwa maelfu na wengine wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani bila kushtakiwa kwa lolote. Hakutenda kosa. Akieleza, ofisa mwenye busara ataelewa kwa dakika tano. Akificha kwenye fomu moja na kueleza kwenye nyingine, tukio lisilo na hatia linageuka kuwa maelezo mawili yanayopingana chini ya saini yake. Kwa sababu hiyo, yeyote ambaye maombi yake ya viza hayakutaja jambo fulani azungumze na wakili wa uhamiaji kabla ya kukanyaga ofisi ya usajili.

Siwezi kudai kwamba mfumo huu unawatendea haki wanaosema kweli. Msichana aliyepelekwa kwa mshauri nasaha shuleni baada ya kumpoteza baba yake, akapewa dawa za sonona kwa muda na akapona, hujikuta akikusanya barua za madaktari kwa miezi mingi ili apate kibali cha msamaha, yaani ruhusa ya kuandikishwa licha ya historia hiyo, huku jirani yake aliyeumia vilevile lakini hakupelekwa popote akipita bila swali. Katika jamii za wakimbizi, ambako tumehangaika miaka mingi kuwashawishi watu wakubali msaada wa akili, adhabu hii kwa waliotafuta msaada ni dhuluma, na Wizara ya Ulinzi inapaswa kuirekebisha. Lakini dhuluma hiyo haimpi kijana ngao yoyote siku uongo wake utakapogunduliwa. Vibali vya msamaha vipo na hutolewa kila mwaka, kwa hali za kiafya na kwa makosa ya zamani pia. Havitolewi kwa jambo ambalo halikutajwa.

Kuhusu afisa wa usajili anayesema "achana na hilo, andika hapana", nawaomba wazazi wamwombe aandike ushauri huo kwa barua pepe. Hataandika, kwa maana anajua kwamba saini inayobaki kwenye fomu ni ya kijana. Katika kambi za mafunzo za Marines, yaani askari wa majini, za Parris Island na San Diego, kuruta wapya huketishwa siku za mwanzo na kuulizwa tena kama kuna chochote walichokificha, na saa hiyo afisa aliyewafundisha kukaa kimya yuko mbali, akiwaandikisha wengine. Mzazi anayetaka kusaidia kweli aanze mapema kabla ya hapo: aombe nyaraka za hospitali na za mahakama, azisome pamoja na mwanawe, na wapange kwa pamoja maelezo ya kila jambo.

Wapo pia walioko ndani tayari, wakiwa na jambo walilolificha, na hofu yao haiwaachi walale. Hao wasikimbilie kuungama kwa sajenti wao, kwa kuwa sajenti analazimika kulipeleka juu analoambiwa. Jeshi la nchi kavu lina mawakili wa utetezi wasiotoza malipo, waitwao Trial Defense Service, na matawi mengine yana ofisi kama hizo; mazungumzo na wakili wa utetezi yanalindwa na sheria, na vilevile maungamo kwa kasisi wa kikosi. Aliyekuwa na green card alipoandikishwa aongeze wakili wa uhamiaji wa kiraia, kwa sababu wakili wa kijeshi anaweza kumwokoa na kifungo bila kujua kwamba karatasi anayomshauri atie saini itamgharimu uraia.